Yungiyungi Kwenye Tangi la Betri

Mimi ni mtu wa kupima. Kazi yangu ujanani ilikuwa kuangalia betri kubwa bandarini Kilindini, na mtu wa betri asiyepima hadumu kazini, wala macho yake hayadumu usoni. Betri za siku zile zilikuwa matangi ya kioo kinene, kimo chake kikinifika gotini, yamejaa tindikali na mabamba ya risasi, yamepangwa safu safu ndani ya chumba kilichonuka mpaka nje ya mlango. Kila asubuhi nilipita na kipimo changu nikitazama wapi maji yamepungua, nikiongeza, nikifuta. Ilikuwa miaka ya vita, bandari imejaa manowari, na sisi wa betri tulikuwa tukitoka kazini tumechoka hata kusalimu. Nilijiona mtu mwangalifu kuliko wote Mombasa, na sikuona haya kusema hivyo mbele za watu.

Nilikuwa nimeoa mwaka wa nne na hatukuwa na mtoto. Mke wangu alikuwa ameshika mimba mara mbili, na mara mbili zimetoka, ya kwanza mwezi wa nne, ya pili mwezi wa sita. Aliposhika ya tatu nilimpeleka hospitali, na daktari akatoa amri moja tu: alale. Alale ubavu wa kushoto, asipande ngazi, asiinue ndoo, asisimame ila kwa haja na sala, mpaka siku ya kujifungua. Tukarudi nyumbani nimemshika mkono, na sote wawili tulijua kwamba hii ikitoka, hatutakuwa na nguvu ya kujaribu nyingine.

Tulikaa ghorofani katika nyumba aliyoiacha baba yangu, Mji wa Kale. Dirisha la chumba chetu lilitazama ukuta wa jirani, na uchochoro uliokuwa kati yetu ulikuwa mwembamba hivi kwamba wakati wa Ramadhani tulipitishiana sahani za futari kwa mkono bila kushuka chini. Huo ukuta ndio uliokuwa dunia ya mke wangu tangu asubuhi mpaka jioni. Mikono yake haikukaa bure, alikuwa akishona kofia za kutoboa, zile zenye vitundu vya kudarizi, na kofia zake zilitafutwa. Lakini macho huchoka na kofia. Jioni moja nilimwuliza ameshindaje, akaniambia ukuta ule una nyufa kumi na saba, na moja imeongezeka tangu Ijumaa. Alisema kwa mzaha. Mimi nilikwenda kunawa nikakaa huko kwa muda, kwa sababu nilikuwa nalia.

Chini ya nyumba alikaa shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye sauti ya kuamuru, na mambo ya uzazi aliyachukua yeye mkononi kama nahodha. Uzazi una miko yake, na shangazi aliijua yote. Mkubwa wake ulikuwa mwiko wa kukata. Mwanamke mwenye mimba, na zaidi aliyekwisha kuharibikiwa, chumbani mwake hakikatwi kitu, si nguo, si nywele, si ukucha, kwa sababu kinachokatwa hapo huenda kikaikata na mimba. Mume naye hachinji, hata kuku. Shangazi aliutoa mkasi chumbani siku ile ile tuliyotoka hospitali, akaufunga kwenye kitambaa, akautia kwenye kasha lake. Kisu changu cha kazini kikawa kinalala chini, nyuma ya mlango. Ndevu nilinyolewa kwa kinyozi. Likabaki suala la uzi wa kofia, maana mshonaji hawezi kushona bila kukata uzi. Shangazi alilifikiri suala hilo siku nzima, kisha akatoa hukumu kwamba meno si chuma, kwa hivyo uzi utang'atwa.

Sikubishana naye. Kusema kweli sikuwa na hakika kwamba mimi mwenyewe siamini.

Wakati huo huo kule kazini tangi moja la betri lilipata ufa mdogo mdomoni, likaandikwa litupwe. Nilimwomba mkubwa wangu anipe, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeomba kiatu kimoja, akanipa. Nililipeleka nyumbani kwa mkokoteni nimelifunika gunia. Nililiosha kwa majivu, kisha kwa magadi, kisha kwa majivu tena. Nikalijaza maji ya mvua nikayamwaga, nikalijaza tena nikayamwaga, kwa siku nane, mpaka shangazi akauliza kama ninaosha tangi au dhambi. Siku ya tisa nikachota visamaki sita kutoka birika la kuhifadhia maji bafuni. Nyumba zetu zote zilikuwa na visamaki hivyo, vya kula viluwiluwi vya mbu, na hakuna aliyekuwa akivitazama. Nikavitia ndani ya tangi na kuliweka juu ya kigoda kirefu kando ya kitanda cha mke wangu, karibu naye hata angeweza kuligusa bila kuinuka.

Alivitazama visamaki vile jioni nzima. Alivigundua vilivyo na tabia mbaya na kilicho mwoga. Lakini baada ya siku chache aliniambia vinamtia huruma, kwa kuwa havina pa kujificha na mtu anayevitazama mchana kutwa. Nadhani alijua anachosema.

Hivyo Jumapili moja nilivuka Makupa nikaenda bara, kwenye kidimbwi nilichokijua njia ya Changamwe, nikapandisha suruali nikaingia matopeni kutafuta yungiyungi. Maji yalikuwa yamepungua kwa kiangazi na majani yamekufa, ila chini ya tope viazi vilikuwa hai. Nilichimbua kimoja, kidogo, cheusi, chenye vinywele. Nyumbani nilikipanda ndani ya kijungu cha udongo, mfinyanzi chini na mchanga uliooshwa juu, nikakizamisha katikati ya tangi. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimempandia kinyesi cha mbuzi. Nilimwambia asubiri.

Hakusubiri sana. Siku ya nne lilitoka jani dogo jekundu, jepesi, limejikunja pande mbili kama msokoto wa sigara. Siku ya saba kulikuwa na majani matatu, yote chini ya maji, mekundu kwa ndani, yakipepea kila kisamaki kilipopita. Nilipokuwa nikirudi kutoka kazini nilimkuta amenigeukia mlangoni tayari, anataka kunihadithia. Kisamaki mwoga alikuwa amepata nyumba. Jani la pili lilikuwa limelipita la kwanza. Hakuutaja ukuta tena, na mimi nikaanza kupanda ngazi zetu mbili mbili.

Asiyewahi kulifuga yungiyungi hajui lina haraka kiasi gani. Majani yake ya mwanzo hukaa chini ya maji kwa adabu, nawe unadhani ndiyo tabia yake. Kisha siku moja hutoka jani la namna nyingine, lenye kikonyo kirefu, halina habari na wenzake, linakwenda juu moja kwa moja. Ukilala liko nusu ya maji, ukiamka limefika, limejilaza juu kama sahani. Likishafika moja, mengine huacha kutoka chini, yote yanataka juu. Katika muda wa wiki moja tangi letu lilifunikwa. Chini kukawa giza, yale majani mekundu yakaanza kuyeyuka, na asubuhi nikavikuta visamaki vimepanda juu vyote, midomo imebandikwa kwenye nafasi ndogo iliyobaki pembeni, vinatafuta pumzi.

Dawa ilikuwa rahisi na niliijua, ni kukata yale ya juu. Lakini tangi lilikuwa chumbani. Nikashuka kwa shangazi kuuliza, kwa heshima zote, kama jani la majini nalo lahesabiwa. Alikuwa akichagua mchele. Aliendelea kuchagua, kisha akaniuliza kama jani lile lina uhai.

"Linao," nikasema.

"Basi kulikata ni kukata, mwanangu. Mato yangu mawili yameona mimba mbili zikitoka nyumba hii. Kuiona ya tatu ikitoka sitaki."

Nikarudi juu na kuanza kupima. Kama siwezi kukata, nitalifuga kwa njaa. Nilikitoa kiazi kwenye kijungu nikakipanda katika kijungu kingine kidogo zaidi, ili mizizi ibanwe. Nikapunguza mfinyanzi, nikaongeza mchanga usio na kitu. Nikapachika kitambaa dirishani kwa saa za adhuhuri ili mwanga upungue. Yale majani ya juu yaliyokuwapo yalizeeka yenyewe na kuoza, na yaliyooza niliyatoa kwa mkono, kwa kuwa jani lililokufa shangazi hakuwa na kesi nalo. Kisha nikangoja.

Ikawa kama nilivyotaka. Wiki zikapita na hakuna jani lililopanda juu ila moja tu. Yakatoka mafupi, mekundu, yakajaza chini vizuri kwa nafasi, na visamaki vikanenepa. Nilijivuna mpaka nikachusha. Kazini niliwaeleza wenzangu kijungu kinatakiwa kiwe na upana wa vidole vingapi, na mmoja wao, mtu wa bara aliyekaa Tononoka, akaniambia akipata lake atakuja kwangu kusoma. Nilimweleza na mke wangu pia, kwa urefu, jinsi mmea unavyotii ukijua kuubana. Alinisikiliza akishona. Alisema nina elimu kubwa.

Mwezi wa saba wa mimba ukaingia, ambao haukuwahi kuingia nyumbani kwetu. Shangazi akaanza kufukiza ubani kila Alhamisi. Mtoto alikuwa akicheza, na mara nyingine mke wangu alinichukua mkono na kuuweka pale bila kusema neno, nami niliogopa hata kuubana.

Katikati ya mwezi huo alishikwa na homa. Ilimlaza kweli kweli, siku tano, alikuwa hashoni, hali, hatazami tangi wala ukuta. Nilikuwa nikiomba ruhusa kazini, nikinyimwa, nikikimbia kurudi. Homa ilipoanza kushuka ndipo nilipolitazama tangi, na sikuamini. Majani sita yalikuwa juu, mapana, yanagombania nafasi, na mengine yanakuja. Kijungu ni kile kile, mchanga ni ule ule, kitambaa kipo dirishani. Nilipima kila kitu nikapima tena, sikuona kilichobadilika. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa.

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, kisamaki kimoja kilikuwa kimekufa na vitano viko juu vinahema. Mke wangu alikuwa amelala usingizi mzuri wa kwanza baada ya siku nyingi. Nilimwona ataamka, atageuza uso, atakiona kile kilichokufa. Nilishuka ngazi nikinyata, nikachukua kisu nyuma ya mlango, nikapanda. Nikakata majani matatu, nikayaficha ndani ya koti, nikakirudisha kisu mahali pake na kwenda kazini. Njia nzima nilijiambia jani ni jani.

Kesho yake saa nane mchana jirani yetu, mwenye duka la uzi, alikuja mwenyewe mpaka langoni Kilindini kuniita. Alisema nahitajiwa nyumbani, na hakunitazama. Sikumwuliza. Nilijua ni damu.

Nilimkuta shangazi ngazini na kanga yake imelowa machozi. Mkunga wa mtaa alikuwa ameshafika, na daktari aliyeitwa alikuwa amekuja na kuondoka. Daktari alisema huenda ni ile homa, huenda si homa, damu si nyingi, mtoto bado anacheza, na kwamba hakuna la kufanya ila kungoja. Shangazi na mkunga wakashuka chini kuchemsha maji. Nikaingia peke yangu, nikaketi sakafuni karibu na kichwa cha mke wangu. Sisi hatukuwa tukiitana majina. Yeye aliniita bwana, mimi nilimwita bibi, na siku ile hata hilo halikunitoka.

"Nimekata majani," nikamwambia. "Jana alfajiri. Kwa kisu. Matatu."

Nilieleza habari ya kisamaki, nikaeleza kwamba yeye alikuwa amelala, nikaanza kueleza habari za kijungu, na hapo akaweka mkono mdomoni pangu ninyamaze. Akaniambia nifunue godoro, upande wa ukutani. Nikazunguka, nikafunua.

Juu ya kamba za kitanda yalikuwa yamelala majani. Madogo, yamekauka, mepesi kama maganda ya kitunguu, hayana idadi. Mengine bado yalikuwa yamejikunja, hayakupata kufunguka. Nilikaa nimeinua ukingo wa godoro nikiyatazama, na polepole nikaelewa ni nani aliyekuwa akilifuga lile yungiyungi, na kwa nini siku tano za homa lilifanya lilivyotaka.

"Kila siku jani moja," akasema. "Siku nyingine mawili. Wewe ukitoka tu. Kucha zangu si kisu, lakini nayuwa ni kukata."

Nilimwuliza kwa nini, kama ni kwa ajili ya visamaki. Akasema kidogo kwa visamaki. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amekaa nalo karibu miaka mitatu, tumelala kitanda kimoja, na mimi mtu wa kupima sikuliona.

"Wa kwanza nalikata nguo," akasema. "Nguo ya Idi. Nami nalijua nna mimba, nikasema nikikata upesi upesi haidhuru. Alipotoka nikajua ni mimi, nisimwambie mtu. Wa pili sikukata kitu. Sikukata hata ukucha. Hata uzi nalikuwa siung'ati, nakwenda kwa jirani anikatie. Na akenda vivyo hivyo."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniambia nini?"

Akasema huyu wa tatu alipoanza kucheza, yeye alitaka kujua. Basi akawa kila siku ananyofoa jani, kisha anaweka mkono tumboni na kungoja, na kila siku mtoto alicheza. Siku kumi, siku ishirini. Alianza kuamini kwamba haikuwa nguo, haikuwa yeye, ilikuwa kudura tu ya Mungu ambayo hakuna aliyeiita. Alianza kulala vizuri. Mpaka leo mchana.

"Leo nimeogopa kama wewe," akasema. "Nimekuwa nikihesabu ni jani lipi."

Nilimshika mkono. Kucha zilikuwa ndefu, na kwenye ncha zilikuwa na rangi ya kijani ambayo nilikuwa nimeiona kila siku, nikadhani ni ya nyuzi za kofia.

"Akienda huyu," akasema, "usiseme ni wewe. Na mimi usiniache niseme ni mimi. Niahidi."

Nikamwahidi. Nilikuwa nalia, naye alikuwa ananifuta kwa ncha ya kanga, yeye aliyekuwa amelala na damu.

Tukangoja. Siku hizo sitazieleza sana kwa sababu hazikuwa na kitu ndani yake ila kungoja. Shangazi alisoma Kurani mpaka sauti ikamkauka. Mkunga alikuja asubuhi na jioni. Siku ya pili damu ikapungua, siku ya nne ikakatika kabisa, na mtoto alikuwa bado anacheza, tena kwa nguvu, kama aliyesumbuliwa usingizini.

Baada ya hapo tukawa wezi wawili. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini tulilitazama tangi pamoja na yeye akanifundisha. Alinionyesha jani la kwenda juu kabla halijaanza safari, kwamba mkunjo wake ni mwembamba zaidi na rangi yake haina wekundu. Alinifundisha kulinyofoa chini kabisa, karibu na kiazi, kwa kuwa kikonyo kikiachwa nusu huoza na kuyachafua maji. Alinifundisha kuacha moja lifike juu, moja tu, ili mmea usife moyo. Nilimwuliza anajuaje kama mmea hufa moyo. Akasema hajui, ila yeye angekufa. Majani yaliyonyofolewa niliyafunga kwenye leso nikaenda kuyatupa Kilindini, na wenzangu waliponiuliza siri ya kufuga yungiyungi niliendelea kuwaambia ni upana wa kijungu. Ua lilitoka mara moja, la samawati, likafunguka asubuhi na kufumba adhuhuri. Shangazi aliitwa kuja kuliona, akasema maashallah, akaangalia chini ya kitanda kama kuna mkasi.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa ukiwa umetimia, mchana, msichana, mwenye hasira. Niliisikia sauti yake nikiwa chini, nikaketi kwenye ngazi. Nilipoitwa juu, shangazi alikuwa amempakata, na uso wake sijawahi kuuona vile, si kabla wala baada. Alikuwa kama yeye ndiye aliyejifungua.

"Mwaona sasa," akatuambia. "Miko ikishikwa, mtoto hukaa."

Mke wangu alinitazama juu ya bega la shangazi. Jasho lilikuwa bado halijamkauka. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lingekuwa la haki, na hakulisema. Mimi nikasema, "Asante, Shangazi." Shangazi alikufa miaka miwili baadaye akiwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyetupatia mtoto yule, na mimi sioni kwamba alikosea kwa kiasi kikubwa. Alikuwa amempenda kabla hatujathubutu sisi.

Mtoto alipoanza kutambaa tangi lilikuwa hatari, maana kila kitu alikivuta. Visamaki vilirudi birikani. Kiazi nilimpa yule mwenzangu wa Tononoka, akakitia kwenye nusu ya pipa uani kwake, ndani ya kijungu cha upana niliomwelekeza. Baada ya miezi miwili alikuja kuniambia pipa limejaa, maji hayaonekani, na kwamba mimi ni mwongo. Nilimwambia amwulize mke wangu.

Msichana wetu alikuwa amekwisha kusema maneno mengi wakati mke wangu aliposhika mimba tena. Safari hii daktari hakumlaza. Shangazi hayupo, kasha lake limekwisha kufunguliwa, na mkasi ulikuwa ukining'inia kwenye msumari chumbani mwetu kama kwenye nyumba ya mtu yeyote. Nilijua ninayoyajua. Nilikuwa nimeinua godoro lile kwa mikono yangu. Nilikuwa nimetoa ahadi. Na asubuhi moja, kabla ya kwenda kazini, nilijikuta nimeutoa mkasi msumarini, nimeutia mfukoni, nimempelekea jirani mwenye duka la uzi, nikimwambia auweke mpaka nitakapouomba. Sikumwambia mke wangu. Njiani kuelekea Kilindini niliona haya, lakini sikurudi kuuchukua.

Zilipita siku tatu. Nilirudi jioni nikamkuta ametandika kitambaa sakafuni, anataka kumkatia mtoto gauni, na chumba kizima amekipindua. Akaniuliza mkasi uko wapi. Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari, na wote ukanikwama, nikamwambia ukweli. Nilingoja acheke, au anikumbushe kila kitu, na alikuwa na haki ya yote mawili.

Alikaa na kitambaa kile magotini. Mtoto alikuwa akivuta ncha yake. Mkono wa mke wangu ulikwenda tumboni wenyewe, ukatulia pale.

"Basi uache uko huko," akasema, na akaanza kukikunja kitambaa.